Nzuri ya Mlangoni

Mke wa kaka yangu hamwamini mtu anayesifia upesi. Ukimwambia gauni lake limempendeza kabla hujakaa vizuri kwenye kiti, atakutazama usoni, kisha atautazama mkoba wako, akijiuliza umekuja kuomba nini. Kwa muda mrefu nilidhani ni ukorofi tu. Baadaye nikamwombea kazi ofisini kwetu, na ukorofi ule ukawa ndio kazi yenyewe.

Ofisi yetu ni kitengo cha elimu ya afya. Tunatengeneza mabango, vipeperushi na vitabu vya picha ambavyo wahudumu wa afya huvitumia wanapozungumza na watu kliniki na mitaani. Chumba chetu zamani kilikuwa stoo. Mabango ya miaka iliyopita yamesokotwa na kuegeshwa pembeni kama mikeka, na dirisha halifunguki kwa sababu mtu alilipaka rangi likiwa limefungwa. Mchoraji anakaa karibu na mlango apate mwanga. Mimi naandika maneno. Mkuu wa kitengo, mzee mpole mwenye kusugua miwani kila anapotaka kupinga jambo, anakaa nyuma ya kabati. Wifi hana meza. Yeye hupewa picha ikiwa bado ya penseli na rangi kidogo, akaifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaenda nayo nyumba kwa nyumba kabla hatujaipeleka kwa mpiga chapa. Swali lake ni moja: "Unaona nini hapa?" Ndiyo maana mitaani wanamwita Unaona Nini, na watoto wakimwona tu humwita hivyo kwa sauti ya kuimba.

Niliwahi kufuatana naye. Watu walitushuku hata kabla hatujabisha hodi.

"Mnapima macho?" aliuliza mama mmoja, mlango akiwa ameuachia upenyo wa kutosha pua.

"Hapana mama, tunapima picha."

"Picha inapimwaje? Ina homa?"

Jirani yake, bibi aliyekuwa akichambua mboga barazani, alicheka mpaka akashika ubavu. "Ofisi nzima ya wasomi hawajui picha yao ni ya nini, wamekuja kumuuliza mtu wa jikoni! Haya, mwanangu, lete nikusaidie."

Bibi huyo alikuwa mtu mzuri kwetu, kwa sababu alibisha. Picha ilimwonyesha mtu akitema makohozi ndani ya kikopo cha kupimia, na bibi akasema mtu yule anakunywa chai, tena chai yenyewe chungu, maana amekunja uso. Mchoraji alipoelezwa alinuna siku nzima, kisha akaichora upya.

Wasiotufaa ni wale waliotazama kwa kupepesa, wakasema, "Nzuri! Nzuri sana, hongereni," huku mkono mmoja ukiwa tayari kwenye kitasa. Sifa ya namna hiyo wifi aliipa jina: nzuri ya mlangoni. Alisema mtu huitoa ili uondoke. Ama ana chungu jikoni, ama hajaelewa na anaona haya, au picha imemgusa mahali asipotaka paguswe. Hiyo ya mwisho ndiyo aliyoifuatilia. Alikuwa akirudi kwa mtu kama huyo baada ya siku kadhaa, akamsaidia kuanua nguo, akazungumza habari za bei ya mkaa, halafu ghafla picha ikatoka tena mfukoni.

Mwaka huu tulikuwa tukitengeneza bango la kifua kikuu. Lengo lilikuwa moja: mtu mwenye kikohozi kisichokoma aende kupimwa mapema, kabla hajaangusha nyumba nzima. Mchoraji alitoa picha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyekondeana hadi mbavu zinahesabika, amelala peke yake kwenye kona yenye giza, na macho yake yamezama. Ya pili ilikuwa ya mwanamume mwenye mwili wake, amesimama na kifaa cha kazi mkononi, ngumi moja ameiweka mdomoni anakohoa, na mke wake anamtazama kutoka mlangoni. Mkuu aliipenda ya kwanza. Aliona inashtua. Mimi nilikuwa katikati. Chuoni tulifundishwa kwamba hofu peke yake haimpeleki mtu hospitali, lakini picha ile ya pili nayo niliiona baridi, kama tangazo la viatu vya kazi. Mitaani, majibu ya ile ya kwanza yalikuwa "nzuri sana" mfululizo, na wifi alikuwa akirudi ofisini amekunja ndita.

Siku hizo hizo alikuja kwangu nyumbani jioni, akakaa, akakataa maji.

"Wifi, kaka yako ana mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu! Unataka nikutajie na saizi ya kiatu chake?"

Kaka ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza mageti na madirisha ya chuma kwenye karakana ndogo isiyo mbali na nyumba yao. Ni mtu wa mwili, mikono kama mapaja ya mtu mwingine, na mdomo mzito: katika maisha yake sijamsikia akisifia chakula, nguo wala mtoto. Akisema kitu "si kibaya", mke wake hufanya sherehe.

Nilimuuliza wifi amejuaje. Akaanza kunimwagia. Kaka amehamia kulala kwenye kochi chumba cha mbele, eti joto. Amejinunulia kikombe chake mwenyewe, anakificha nyuma ya redio, na hataki kingine. Leso zake anazifua mwenyewe, yeye ambaye hajawahi kufua hata soksi. Kitinda mimba wao, msichana ambaye zamani akisikia tu hatua za baba yake alikimbia kubebwa, sasa anaambiwa, "Kacheze huko, baba amechoka."

"Na pipi," alisema. "Mwanamume mzima ananyonya pipi za mnanaa asubuhi mpaka jioni. Mdomo unanukia kama duka la dawa. Anamnukishia nani?"

"Labda koo linamwasha."

"Koo! Endelea kumtetea, damu yenu moja." Kisha sauti yake ikawa ndogo. "Mimi sitagombana na mtu, wifi. Nikithibitisha, nachukua watoto naondoka. Nakwambia wewe mapema usije ukasema hukujua."

Nilijua hatanii. Ni mtu wa kukusanya dalili polepole, lakini akishafika mwisho harudi nyuma. Usiku huo nilimfikiria kaka, na nikiri kwamba kila dalili niliiona ikiingia mahali pake. Mimi mwenyewe niliachwa na mwanamume aliyeanza kwa kulalamikia joto.

Kesho yake nilipitia karakana. Mageti yalikuwa yameegeshwa ukutani yakisubiri rangi, na kaka alikuwa amechutama katikati ya cheche, miwani myeusi usoni.

"Daktari wa Makaratasi!" alinisalimia. Ndivyo anavyoniita tangu nimalize chuo. "Leo umekuja kunichanja?"

"Nimepita tu, kaka. Habari za nyumbani?"

"Nyumbani si unapajua? Mbona hukupita kule ukaja huku?" Alivua miwani, akanipima kwa macho. "Mke wangu amekutuma."

"Hajanituma mtu."

"Nyie wawili hampiti tu. Mmoja anauliza watu wanaona nini, mwingine anaandika."

Nilicheka, yeye hakucheka. Nilipomuuliza mbona siku hizi analala sebuleni, uso wake ulibadilika. Akainuka haraka, akawasha ile mashine ya kusugulia chuma, akanipa mgongo. Kelele zilijaa karakana nzima. Nilimwona mabega yakitikisika na nikadhani ni mtetemo wa mashine. Alipoizima nikauliza tena, akaiwasha tena. Niliondoka nimeudhika, nikijisemea kwamba mtu asiye na la kuficha hajibu maswali kwa mashine.

Jumapili walinialika chakula cha mchana, au tuseme wifi alinialika. Kaka alikula kwa sahani yake, akiwa amesogeza kiti karibu na dirisha. Msichana alijaribu kumpandia magotini, akatolewa kwa upole. Wifi aliona, mimi nikaona, na kaka akaona kwamba tumeona. Tukaendelea kula.

Vyombo vilipoondolewa, wifi alifanya jambo ambalo ofisini tunalikataza: kumuuliza ndugu yako. Ndugu hujibu kukufurahisha, au kukuudhi. Lakini picha zilikuwa kwenye mfuko wake, kikao cha kuchagua kilikuwa kesho yake, na nadhani alitaka tu kitu cha kuvunja ukimya wa mezani. Akazitandaza mezani.

"Baba watoto, hebu tusaidie. Unaona nini hapa?"

Kaka aliitazama ile ya kwanza, ya mtu wa mbavu. "Nzuri," alisema. "Nzuri sana. Ichapisheni."

Nilicheka kwa mshangao. "Kaka umesifia! Leo mvua itanyesha."

Wifi hakucheka. Alikuwa amemkazia macho mumewe kama anavyowakazia watu wa milangoni.

"Uzuri wake nini?" aliuliza.

"Inaonyesha mgonjwa. Mtu akiiona anajua mgonjwa yukoje."

"Huyu unamfahamu? Kuna mtu unayemjua yuko hivi?"

"Hakuna. Huyu amekwisha. Huyu hata nguvu ya kufukuza nzi hana."

"Na huyu?" Akaisogeza ya pili.

Kaka alisukuma karatasi ile kwa kidole, ikateleza, kisha akaigeuza kifudifudi. "Hiyo mbaya. Huyo mzima. Ana kazi yake, ana mwili wake. Mtu akikohoa kidogo kwa moshi wa kazi ndiyo mmchore?"

"Nani kasema ni moshi?"

Mchoraji hakuwa amechora moshi wowote.

"Mnanipima," kaka alisema, akitutazama mmoja baada ya mwingine. "Mmeniita kwenye meza yangu mwenyewe mnipime. Wewe na dada yangu." Akachukua kofia yake, akatoka.

Nilitaka kumfuata nimuombe radhi. Wifi alinishika mkono. Alikuwa ameigeuza tena ile picha ya pili na kuitazama kwa muda.

"Hana mwanamke," alisema.

"Sasa umejuaje?"

"Kochi. Kikombe. Leso. Mtoto. Pipi." Alizitaja kama mtu anayeokota vitu vilivyodondoka. "Anatukinga, wifi. Anakohoa na anatukinga."

Sikumwamini upesi. Nilimwambia huenda anapenda kuamini hivyo kwa sababu ni afadhali kuliko lile la kwanza. Akanitazama kwa huzuni ambayo sijaisahau.

"Afadhali?" alisema. "La kwanza lingeniondolea mume. Hili litamwondoa duniani, na mtoto juu yake."

Tulienda karakana kwa miguu. Lango lilikuwa limerudishwa tu, kwa kuwa Jumapili hafanyi kazi. Wifi alisimama nje akaniashiria nisimame. Ndani hakukuwa na mashine iliyowaka. Tulimsikia akikohoa, kikohozi kirefu kinachotoka chini kabisa, kinapumzika, kinaanza tena. Mke wake alikuwa amefumba macho, ameegemea ukuta wa mabati. Nami ndipo nilipoelewa yale mabega yaliyotikisika.

Kikohozi kilipotulia, wifi akaingia. Kaka alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, leso mkononi.

"Tangu lini?" aliuliza wifi.

"Moshi huu."

"Jumapili hakuna moshi. Tangu lini?"

Kaka alikunjakunja leso. Hakutazama juu. "Tangu tumalize yale mageti ya shule," alisema mwishowe. Mageti yale yalikuwa yamepelekwa miezi mingi iliyopita.

"Na kikombe ulikuwa ukikificha kwa nini?"

"Niliona kwenu." Alinyanyua kidevu kunielekea mimi. "Siku niliyokuja kukusubiri ofisini. Kuna karatasi ukutani, kikombe kimepigwa alama ya X. Nikasema basi, nikitenga kikombe watoto watapona."

Nililijua bango lile. Liliwekwa kabla sijaajiriwa, limefifia hadi maneno hayasomeki, na hakuna aliyewahi kulibandua kwa sababu lilikuwa linaziba ufa. Ugonjwa huu haupiti kwenye kikombe. Unapita hewani, katika chumba kilichofungwa, kwa mtu anayekohoa bila dawa. Kaka alikuwa amekilinda kikombe chake kwa nguvu zote, huku akilala sebuleni madirisha yamefungwa ili majirani wasisikie, na asubuhi watoto wakinywea chai mle mle.

"Kama ulijua kiasi hicho, ukashindwaje kwenda kupimwa?" nilimuuliza.

"Nilikuwa sijui, nilikuwa nashuku. Nikijitazama nasema, mgonjwa wa kifua si anakwisha? Mimi nabeba geti peke yangu. Hata ile picha yenu imesema." Akakohoa, akageuza uso ukutani. "Na mkisema nina kifua, nani ataleta tena kazi hapa?"

Nilitegemea wifi alie, au amfokee. Aliketi sakafuni kwenye vumbi la chuma, na gauni lake la Jumapili.

"Kesho tunaenda kupimwa," alisema. "Si wewe tu. Sote. Mimi, wewe, watoto."

"Mmepanga hili." Macho ya kaka yalikuwa mekundu. "Mmelipanga tangu mezani."

"Sijapanga. Ningepanga ningevaa gauni baya."

Kaka alilitazama lile gauni, na kitu kikamlegea mdomoni, lakini hakukubali bure. "Na Daktari wa Makaratasi naye aje. Anakula kwangu mara kwa mara. Nisije nikatolewa makohozi peke yangu huku yeye ananiandika."

Basi asubuhi tulikuwa benchi moja, familia nzima, vikopo mikononi. Kaka alimshuku kila mtu: mfagiaji kwa kuwa alimsalimia, mtu wa maabara kwa kuwa hakumsalimia. Muuguzi alipomwambia vitu vyote viko sawa, kaa tu usubiri, wifi alimuuliza, "Sawa ya nini? Bado hamjapima." Muuguzi alimtazama, akacheka peke yake, akamweleza hatua kwa hatua, na baada ya hapo wakaelewana vizuri.

Majibu yalipotoka kaka alikuwa nacho. Mke wake hakuwa nacho, wala mimi. Watoto nao walisalimika, ila yule mdogo alipewa dawa za kumkinga. Kaka alisikiliza akiwa amesimama, kofia mikononi, kisha akauliza swali moja tu: kama mtoto atakuwa ameumia kwa sababu yake. Daktari akasema hapana, mmewahi. Alimfanya alirudie jibu hilo.

Nilichelewa kwenye kikao cha kuchagua picha, na wifi hakufika kabisa. Niliwaeleza kwamba watu wenye kikohozi wanaisifia picha ya kwanza kwa sababu haiwahusu. Wanajilinganisha na zile mbavu, wanajiona wazima, wanarudi kazini. Mkuu alisugua miwani.

"Haya umeyatoa wapi? Wiki iliyopita hukuwa nayo."

"Nyumbani kwa mtu."

"Mtu mmoja?"

"Mmoja."

Alikuwa na haki ya kunishuku. Nyumba moja si mtaa, na sikuwa tayari kumtaja kaka mbele ya watu wale. Mchoraji, aliyeitolea jasho picha ya kwanza, alininunia wazi. Hatimaye mkuu alisema hata yeye ile picha ya kwanza imekuwa ikimtia wasiwasi, kwa kuwa ameipenda mno, na akaamua tusichape lolote. Picha zote mbili zipelekwe kwenye mabenchi ya kliniki, kwa watu ambao kikohozi chao kinasikika. Wa juu walilalamika kwamba tumechelewa. Wifi alirudi kazini akakaa kwenye mabenchi yale wiki nyingi. Ile ya kwanza iliendelea kusifiwa na watu wanaokohoa. Ile ya pili walibishana nayo. "Huyu anaumwa nini na shavu hilo?" "Mke wake anamtazama nini, hana kazi?" "Si amuulize!" Mwanamume mmoja aliirudisha, akaondoka, kisha akarudi kuomba aitazame tena. Ndiyo iliyochapwa, na mchoraji alikubali kumtoa yule mke mlangoni na kumweka ndani, kando ya dirisha lililo wazi. Sijui kama imeleta watu wengi. Tunaambiwa imeleta, nami nimeshaambukizwa tabia ya wifi, siamini upesi.

Kaka bado hajamaliza dozi. Juzi nilikwenda kwao asubuhi nikamkuta barazani, amewekewa vidonge kwenye kisahani na glasi ya maji. Mke wake alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni. Akameza.

"Fungua mdomo," wifi alisema.

"Mama watoto, dada yangu yuko hapa."

"Anaujua mdomo wako tangu huna meno. Fungua. Inua ulimi."

Akainua ulimi. Wifi akachungulia upande huu na upande ule, hakuharakisha. Kaka alifumba mdomo, akajifuta, akaniangalia kama mtu anayeomba shahidi.

"Hivi huyu mwanamke ataniamini lini?"

"Ukimaliza dozi," alisema wifi, akichukua kisahani. "Na ukipimwa tena."

"Na nikishapimwa?"

Alifikiri kidogo, akiwa tayari anaingia ndani. "Nitayaona majibu kwanza," alisema.